Maisha ya Daktari Livingstone na Desturi Yake ya Kusali Kila Siku

Katika mwaka huu wa yubilee tumeona vema kuwakumbusha Wakristo wa sharika zetu, na walimu hasa, habari za mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye jina lake lajulikana na kila mtoto wa shule. Wengi wajua ya kuwa Daktari David Livingstone alisafiri sana katika Afrika, na ya kuwa Stanley alimkuta Ujiji. Lakini ni wachache wajuao jinsi alivyoishi siku zile ambazo hakusafiri wala hakuna mtu aliyemjia. Sisi tukaao kando ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Tura mpaka Tabora, yatupasa kuijua habari hiyo kuliko wengine, maana siku hizo alizikaa kwetu.

Wakati wa misafara, Tura ilikuwa mlango wa Unyamwezi. Watu waliotoka pwani walipita Ugogo, wakaingia pori la Mgunda Mkali, ambamo maji yalikuwa haba na vijiji vilikuwa mbalimbali. Nao walipoiona Tura walijua ya kuwa wamefika penye watu na chakula. Na waliotoka Unyanyembe kwenda pwani walipumzika hapo kabla ya kuliingia pori. Mwezi wa Machi 1872 Stanley alikuwa akirudi Ulaya. Tarehe 14 aliagana na Daktari Livingstone pale Kwihara, karibu na Tabora, akamwambia kwamba atasimama siku moja Tura, ili kama Daktari amesahau neno lo lote, au ana haja ya mwisho, amletee huko. Akangoja, na watu wa Daktari wakafika na barua. Kisha msafara ukaingia porini. Tangu hapo mpaka kufa kwake Livingstone hakuonana tena na mtu wa kwao.

Alikuwa na umri wa miaka 59, mwili wake umedhoofika, meno mengi yamemtoka. Stanley aliahidi kumpelekea wapagazi kutoka pwani, lakini hakuna aliyejua watafika lini, wala kama watafika, kwa sababu vita vya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimeifanya njia kuwa ya hatari. Basi alikaa Kwihara miezi mitano akingoja. Twauliza, mtu kama huyu aliishije siku hizo zote asivunjike moyo? Jibu lake laanzia mbali, katika utoto wake.

Alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Wazazi wake walikuwa maskini wenye kumcha Mungu, na wote walikaa katika chumba kimoja, ndani ya jengo la wafanya kazi wa kiwanda cha pamba. Alipokuwa na miaka 9 mwalimu wake wa shule ya Jumapili alimpa Agano Jipya kuwa zawadi, kwa kuwa aliweza kuisema kwa moyo Zaburi ya 119, ambayo ni ndefu kuliko zote, yenye mistari 176. Alipofika miaka 10 akatiwa kazini kiwandani, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Akawa akiweka kitabu juu ya mashine ya kusokota nyuzi, ili kila apitapo asome sentensi moja, na akirudi asome nyingine. Hapo twaona mwanzo wa desturi yake. Hakupewa saa tulivu ya kusoma. Alipata dakika moja moja, akaziokota kama mtu aokotaye punje za mtama zilizomwagika njiani, na jioni akawa na kibaba chake.

Akajifunza udaktari na mambo ya dini, akakubaliwa na Chama cha Misioni cha London. Siku aliyoondoka kwao, Novemba 1840, waliamka alfajiri, zikasomwa Zaburi ya 121 na ya 135, wakaomba pamoja. Kisha baba yake akamsindikiza kwa miguu mpaka Glasgow, wakaagana, nao hawakuonana tena duniani. Zaburi ile ya 121 ni ya msafiri, yamwambia ya kuwa Mlinzi wake halali usingizi. Kwa miaka thelathini na zaidi kijana huyo alitembea chini ya maneno hayo.

Hatutaki kumsifu kupita kiasi, maana sifa zisizo za kweli hazimfundishi mtu. Kwa hesabu ya watu waliobatizwa, Livingstone hakuvuna mengi. Katika miaka yake ya kazi kusini mwa Afrika alimbatiza mfalme Sechele wa Wabakwena mwaka 1848, naye baada ya muda mfupi alianguka, akazuiwa kushiriki meza ya Bwana. Hata hivyo Sechele hakuliacha Neno. Aliendelea kuwafundisha watu wake yeye mwenyewe, mmisionari akiwa hayupo. Nyumbani pia Livingstone alikuwa na deni. Alimwoa Mary Moffat mwaka 1845, na mwaka 1852 akampeleka Uingereza pamoja na watoto, wakaishi kwa shida huku yeye akisafiri. Mary alirudi Afrika, akafa kwa homa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Katika uzee wake Livingstone aliandika kwamba anajuta, maana hakutenga wakati wa kucheza na watoto wake walipokuwa wadogo. Haya twayasema ili msomaji ajue kwamba desturi ya kusali si hati ya mtu asiye na kosa. Ni mahali ambapo mkosaji huenda kila siku.

Tena tutazame jambo moja la Januari 1856, alipokuwa akivuka bara kutoka magharibi kwenda mashariki. Alifika mahali mto Luangwa uingiapo katika Zambezi, naye akawakuta wenyeji wamekusanyika na silaha, kwa sababu walikuwa wameteswa na watu wa mataifa mengine, wakamdhania kuwa mmoja wao. Jioni ile aliogopa. Aliona kwamba huenda kesho akauawa, na habari zote alizokusanya kwa miaka mingi zikapotea. Akaazimu kuvuka usiku kwa siri. Ndipo akafungua Injili ya Mathayo, sura ya mwisho, pale Bwana Yesu awaahidipo wanafunzi wake kuwa pamoja nao siku zote. Akatafakari, akajiambia kwamba hilo ni neno la mtu mwenye heshima kamili, asiyevunja ahadi. Akaiacha nia ya kukimbia usiku. Asubuhi akavuka mchana kweupe, akiwatanguliza watu wake, akaagana na wenyeji kwa amani. Twaona hapa maana ya kutafakari Maandiko. Si kuusoma mstari na kufunga kitabu. Ni kuuchukua mstari mpaka kwenye jambo lile lile linaloogopesha, kisha kuuliza, je, tutakwenda kwa neno hili au kwa hofu yetu?

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, kutoka Unguja, kuitafuta asili ya mto Nile na kuyafunua mabaya ya biashara ya watumwa. Mambo yalimharibikia mapema. Tarehe 20 Januari 1867 wachukuzi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Kwa mtu asumbuliwaye na homa hasara hiyo ilikuwa kubwa. Mwenyewe aliona kana kwamba amehukumiwa kufa. Lakini usiku ule, katika kitabu chake cha kumbukumbu, aliandika pia kwamba watoro hao waliuzwa utumwani wangali wadogo, na ya kuwa mtu aliyelelewa katika utumwa amekosa shule ya kujifunza uaminifu. Mtu aliyeibiwa uhai wake awezaje kumhurumia mwizi siku ile ile? Hatuoni sababu nyingine ila kwamba moyo wake ulikuwa umezoea kupelekwa mbele za Mungu kila jioni, nao ukaenda hata siku hiyo.

Katika Manyema vidonda vya miguu vilimweka ndani zaidi ya miezi miwili. Katika muda wote aliokaa nchi hiyo aliisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi zilipokwisha aliandika juu ya magazeti makuukuu, na wino ulipokwisha alitumia maji ya tunda la mti. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa sokoni Nyangwe, watu wa wafanya biashara ya watumwa walipowapiga bunduki wanawake na wanaume waliokuja kuuza bidhaa zao, wakafa mamia, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Ni neno zito pia kwake kwamba mara nyingi alikuwa amesafiri na kula pamoja na wafanya biashara hao, kwa kuwa hakuwa na msaada mwingine. Akarudi Ujiji amekonda, akakuta vitu alivyopelekewa vimekwisha kuuzwa. Akajilinganisha na yule mtu wa Injili aliyeshuka kwenda Yeriko, akaangukia wanyang'anyi. Wala hakumwona Msamaria karibu. Siku chache baadaye Stanley akafika.

Sasa turudi Kwihara, baada ya barua zile kupita Tura. Tarehe 19 Machi 1872, siku tano tu baada ya kuagana, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Hapakuwa na karamu. Aliandika sala, akajitoa nafsi yake tena kwa Bwana Yesu, akaomba kwamba kabla ya mwaka huo kwisha apewe kuimaliza kazi yake. Msomaji ailinde sala hiyo moyoni, maana tutairudia.

Kazi zake za kila siku zilikuwa ndogo. Aliandika barua. Alinunua ng'ombe wa maziwa, akatengeneza jibini kwa safari. Aliwatazama ndege, akaandika habari zao. Alihesabu siku ambazo Stanley angefika pwani, na siku ambazo wapagazi wangeweza kuja. Na katikati ya mambo hayo madogo twakuta mistari ya mtu anayetafakari. Tarehe 13 Mei aliwaza ahadi mbili za Injili ya Yohana, ya kwamba Bwana hatamtupa nje mtu amjiaye, na ya kwamba hutoa kinachoombwa kwa jina lake. Akaandika kwamba Yeye aliyesema maneno hayo atayatimiza, na kwa hiyo aweza kuja kwa unyenyekevu na kuleta ombi lake, wala shaka haina nafasi. Kisha akatia sahihi ya herufi za jina lake chini, kama mtu atiaye sahihi katika hati.

Lakini tusidhani kwamba kila siku ilikuwa kama hiyo. Mwanzo wa Julai aliandika kwa kifupi tu kwamba amechoka, na kwamba kungoja kunamchosha. Hakuficha. Hili lapasa liwafariji wale wote ambao sala zao zimekauka. Mtu aliyeandika maneno ya imani mwezi wa Mei ndiye aliyeandika uchovu wake mwezi wa Julai, katika kitabu kile kile. Desturi yake haikumwondolea uchovu, ila ilimpa mahali pa kuuweka.

Tarehe 9 Agosti watatu kati ya wale waliopelekwa wakafika mbele ya wenzao. Siku hiyo shukrani zake hazikupata maneno ya kutosha, hata akayaazima maneno ya Daudi katika Zaburi ya 103, ambamo nafsi huambiwa imhimidi Bwana. Tarehe 14 wengine wakafika, na tarehe 25 akaondoka Kwihara. Na tuangalie vema alichoshukuru. Mto Nile ulikuwa bado haujaonekana, na mwili ulikuwa bado mgonjwa. Alishukuru kwa watu watatu waliofika mlangoni na vumbi miguuni.

Miezi minane baadaye, katika kijiji cha Chitambo kusini mwa ziwa Bangweulu, ugonjwa ukamshinda. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 watu wake waliingia katika kibanda, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa juu ya mikono, amekwisha kufa. Hakuna aliyemwagiza kupiga magoti usiku ule. Mwili ulifanya uliyozoea kufanya.

Na desturi hiyo haikufa pamoja naye. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti mkubwa, na aliyesoma sala za maziko alikuwa Jacob Wainwright, kijana Myao aliyeokolewa katika utumwa na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi, katika shule ya Church Missionary Society. Yeye alikuwa mmoja wa watu wale waliofika Kwihara Agosti 1872. Wakaukausha mwili, wakauchukua. Walipofika Unyanyembe, Cameron, afisa Mwingereza, aliwashauri wauzike hapo, wakakataa. Walipofika Kasekera wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao, nao wakaufunga mwili kama mtumba wa nguo, wakafanya mzigo mwingine wa uongo na kuurudisha Unyanyembe kana kwamba ndio maiti, kisha wakaendelea na njia ya pwani. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya miezi tisa. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster, London, na Wainwright akawa miongoni mwa walioshika jeneza. Baadaye Wainwright alirudi Afrika, na mwaka 1892 akafa Urambo, mahali ambapo wengi wetu tuna ndugu.

Basi na ile sala ya siku ya kuzaliwa? Livingstone aliomba aimalize kazi kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ulikwisha, na kazi aliyoidhani haikumalizika. Tena mto Lualaba, alioufuata akitumaini kwamba ndio mwanzo wa Nile, ni mto wa Kongo. Alifia njia isiyo yenyewe. Ukimtazama hapo tu, utasema hakujibiwa. Lakini katika mizigo ya Stanley, iliyopita Tura mwezi ule wa Machi, zilikuwamo barua na kumbukumbu za Livingstone zilizosimulia mauaji ya Nyangwe. Zilisomwa Ulaya, zikasaidia kuwaamsha watu. Tarehe 5 Juni 1873, siku 35 baada ya kufa kwake, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao. Siku ya Krismasi ya mwaka ule jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa mahali pa soko hilo, na ndani ya kanisa hilo pana msalaba uliofanywa kwa mti ule wa Chitambo. Hatusemi kwamba utumwa ulikwisha siku moja. Katika Tanganyika sheria iliuondoa kabisa mwaka 1922 tu. Wala hatusemi kwamba Livingstone peke yake aliuondoa. Twasema kwamba aliyeomba hakuona, na kwamba kutoona kwake hakukumzuia kuomba.

Twapenda kuwaambia walimu wetu neno moja. Mwalimu wa shule, mwalimu wa dini, mzee wa usharika, mama wa nyumba, wote tunazo Kwihara zetu, yaani siku nyingi za kungoja barua isiyokuja, mvua isiyonyesha, mtoto asiyerudi, bila mtu wa kutuona. Siku hizo ndizo zipimazo sala. Anza na sura moja kwa taratibu, ukiifuata Biblia kitabu kwa kitabu, usichague mistari ikupendezayo tu. Chukua neno moja la sura hiyo uende nalo shambani au darasani, uliweke mbele ya jambo unaloliogopa. Ukichoka, mwambie Mungu kwamba umechoka. Na jioni utaje jambo moja la siku hiyo, hata likiwa dogo kama watu watatu mlangoni, ushukuru kwa jina lake. Mwenye daftari aandike na tarehe, ili siku ya giza apate cha kusoma.

Wasafiri siku hizi huja Tabora kwa reli, iliyofika mjini mwaka 1912, wala hawaoni tena misafara. Lakini pale Tura mtu alisimama zamani akingoja neno la mwisho la rafiki. Neno la mwisho la Livingstone halikuwamo katika barua zile. Alilisema kila jioni, peke yake, mbele za Mungu, akalisema mara ya mwisho akiwa amepiga magoti. Nasi tuliosalia njiani tumwombe Bwana atupe desturi hiyo hiyo katika miaka iliyo mbele yetu.